Kiti Kilichogeuzwa

Tangu Esta aolewe, akaacha chuo na kurudi kwao Sepuka, daraja la juu la elimu ya viungo pale chuoni Kilimatinde lilibaki na mwanafunzi mmoja tu, naye ni Rahabu. Darasa zima ni yeye. Akichelewa, darasa limechelewa. Akiugua, darasa limefungwa. Mwanzoni jambo hilo lilimchekesha sana. Siku hizi halikumchekesha tena.

Drili ya kawaida kila msichana wa ualimu aliisoma: mikono juu, mikono chini, firimbi, basi, kaoge. Daraja la juu lilikuwa jambo jingine kabisa. Huko mtu alijifunza mifupa na misuli kwa majina yake, alijifunza namna ya kumfundisha kutembea mtoto mwenye mguu mbovu, alijifunza kuruka kasha refu la mbao bila kuvunja shingo, ili mwisho wa yote akawafundishe walimu wengine. Wanaume waliosomea hayo walikuwako huku na huku Tanganyika. Lakini msichana, tena wa kijijini Misigiri? Thubutu! Baba yake mwenyewe alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unakwenda chuo kusomea kuruka? Mbona mbuzi wangu wanaruka na hawajaona hata mlango wa shule?"

Akacheka, halafu akamruhusu. Ndivyo alivyokuwa baba yule.

Jumamosi hiyo, siku ya wageni, Rahabu alikuwa uwanjani nyuma ya bwalo, anakimbia na kurudi, anakimbia na kurudi, hana wa kumwambia goti limekunjwa au limenyooka. Misi Pagita, mwalimu wake Mwingereza, alikuwa ameshuka Manyoni kumpokea mkaguzi wa mtihani. Wasichana wengine wa ualimu walikaa barazani wanashona vitambaa vya meza. Alikuwa anawasikia wakicheka, na alijua akipita tu kicheko kitakatika. Hawakumtukana. Afadhali wangemtukana, angalau angejua la kujibu. Tangu siku ya michezo walikuwa wakimsogelea kwa adabu, wanamsalimu kwa adabu, kisha wanaondoka kwa adabu, na mezani akikaa mwanzo wa benchi wao hujikuta wote wako mwisho. Mtu anaweza kukonda kwa adabu za namna hiyo.

"Rahabu!" Mama Hana, matroni, alisimama kwenye kona ya bwalo, mkono kiunoni. "Mgeni wako."

"Mgeni yupi, mama?"

"Kwani unao wangapi? Yule wa stesheni. Kajifunike uje. Na mkae ninapowaona."

Moyo wa Rahabu ulipiga pigo moja kubwa, halafu ukawa kama umesahau kazi yake. Simeoni! Jumamosi iliyopita hakuja. Ile ya kabla yake ndiyo ilikuwa siku ya michezo yenyewe, na hiyo alitamani isingekuwapo kwenye kalenda.

Alimkuta amesimama kando ya benchi la wageni, baiskeli ameiegemeza ukutani, suruali ya kazi imejaa vumbi jekundu la mlima hadi magotini. Karani wa tiketi wa Manyoni, kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu, yule aliyembebea sanduku siku ya kwanza aliposhuka kwenye lori la kutoka kwao, akasahau kulishusha, wakaongea nalo likiwa begani mwake mpaka treni ya Tabora ikaja ikaondoka. Rahabu alimtazama akaona amepungua mashavu. Loo, jinsi alivyompenda mtu huyu!

"Hujambo, Rahabu."

"Sijambo. Habari za Manyoni?"

"Nzuri. Treni zinapita." Akatoa chupa mfukoni. "Nimekuletea asali. Ya Itigi, ile nyeusi."

"Asante."

Wakakaa. Katikati yao wakaweka chupa ya asali, ikakaa pale kama mzee wa kanisa. Kwa kawaida Simeoni hamalizi hata kukaa kabla hajaanza kumsimulia abiria wake, nani kakosa treni, nani kaingia na kuku ndani ya kikapu. Siku hiyo alikuwa anafuta vumbi kwenye goti moja tu, lilelile.

"Wazee hawajambo?" aliuliza Rahabu.

"Mama hajambo. Anakusalimu."

"Na baba?"

Simeoni akaacha kufuta goti. "Ndiyo yaliyonileta."

Hapa inabidi kueleza jambo. Kwa kina Simeoni, msichana akishaposwa, yeye na baba wa mchumba wake hawaonani. Si kwamba wamegombana, la! Ndiyo heshima yenyewe. Wakikutana njiani msichana anaacha njia, anachutama nyuma ya kichaka, na mzee naye anakohoa mapema ili asimshtukize. Hawaangaliani usoni mpaka baada ya harusi, siku mkwe atakapompa mkamwana wake mbuzi wa kufungulia salamu. Mzee Yeremia, baba yake Simeoni, alikuwa mzee wa kanisa, anasoma Injili bila miwani, lakini katika jambo hilo hakuwa na mchezo. Mara ngapi Rahabu, akitoka kanisani, alisikia kikohozi cha mzee huyo akajitupa vichakani na kitabu chake cha nyimbo, huku anacheka kimoyomoyo! Alikuwa akikipenda kile kikohozi. Kilimwambia kwamba ana watu huku ugenini.

Basi siku ya michezo watu walijaa chuoni, wazazi, wachungaji, jumbe na wake zake. Rahabu akatoka katika bukta ya bluu na blauzi nyeupe, kama Misi Pagita alivyoagiza, akakimbia, akalitia kasha mikono, miguu juu, akapinduka, akatua wima. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Na katikati ya makofi hayo, kwenye viti vya wazee, mzee mmoja akainuka polepole. Hakupiga kelele. Alikishika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukuta wa bwalo, akakaa tena, mgongo kwa uwanja, mpaka michezo yote ikaisha.

"Yule mzee vipi?" Rahabu aliuliza, bado anahema.

"Huyo? Si ndiye baba yake Simeoni wa stesheni!" akajibiwa na msichana mmoja.

Ardhi ingepasuka siku hiyo angeingia bila kuitwa.

"Ni mimi niliyemleta," alisema Simeoni sasa, pale benchini. "Kosa ni langu. Nilitaka akae mbali kule, asikie tu watu wanavyokusifu. Nilidhani mtaimba. Nilidhani mtatembea na vitabu kichwani, sijui. Nikasema mkiwa wengi, mmevaa sare, hatajua hata ni yupi."

"Nilikuambia nasomea viungo."

"Uliniambia mifupa, Rahabu. Uliniambia misuli. Hukuniambia bukta."

Hilo lilikuwa kweli. Mara nyingi lilimfika Rahabu mdomoni akalimeza, kwa kuogopa uso wa Simeoni utabadilika.

"Amesemaje?"

"Kwanza hakusema kitu. Mama anampelekea chakula, anakula, anarudisha bakuli, kimya. Juzi akaniita zizini. Akaniuliza, 'Yule binti aliyeruka pale chuoni alikuwa wa nani?' Nikafungua mdomo nijibu. Akaninyooshea mkono ninyamaze. Akasema, 'Macho yangu siku hizi mabovu. Watoto wa chuo wanafanana. Nadhani alikuwa binti mwingine.'"

"Macho mabovu?" Mzee Yeremia alikuwa na uwezo wa kumtambua ndama wake akiwa ng'ambo ya bonde, na kila mtu alijua.

"Huelewi?" Simeoni akamgeukia, uso umejaa matumaini mpaka ukawa unauma kuutazama. "Ametufungulia mlango! Anasema hakukuona. Yule aliyeruka si wewe. Posa iko palepale, mavuno yakiisha tunafunga ndoa, na hakuna mtu nyumbani kwetu atakayelitaja jambo hili mpaka tunazeeka. Baba yangu, Rahabu! Mimi sijapata kumsikia akisema uongo hata wa kumpumbaza mtoto. Ameusema huu kwa ajili yako."

Machozi yakamjia Rahabu. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa amejiandaa kwa ng'ombe wa mahari kudaiwa warudi na jina lake kutangazwa kisimani. Hakujiandaa kwa wema.

"Na mimi natakiwa nifanye nini?"

"Hakuna. Kitu kidogo tu."

"Kipi?"

"Usiruke tena." Akaishusha sauti. "Maana ukiruka tena, watu watasema ni yuleyule. Na baba atakuwa amekuona."

"Mtihani wangu ni wiki ijayo, Simeoni. Mkaguzi anafika leo."

"Si kuna ushonaji? Kuna upishi. Misi atakuelewa, naye ni mwanamke. Utakuwa mwalimu vilevile. Hakuna anayekukataza ualimu. Mama anasema ukija atakuachia chumba cha mashariki, kile kisichoingiza upepo." Akamshika mkono, kisha akakumbuka Mama Hana, akauachia. "Rahabu, mimi nimechoka kulala nikiwaza. Sema ndiyo."

Jamani, ni rahisi kumlaumu msichana ambaye neno 'ndiyo' limemfika ncha ya ulimi. Wewe hukulala kwenye kitanda chake. Hukula ugali wa mtama peke yako mwanzo wa benchi, ukisikia kijiko chako mwenyewe kinavyogonga bakuli. Rahabu alikiona kile chumba cha mashariki. Aliona moto jikoni, mama mkwe anamwita, watoto wanagombania mlenda, mtu anamwuliza, "Umekula?" Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kama amekula tangu lini sijui. Ili ayapate hayo yote ilibidi akubali tu kwamba siku ile, saa ile, hakuwa yeye.

Lakini alikuwa yeye. Hapo ndipo alipokwama. Alipokuwa juu ya kasha, miguu angani na dunia imepinduka, palikuwa na kitambo kidogo ambacho hakuwa na upweke hata kidogo. Alikuwa ametosha. Alipotua jambo la kwanza alilolitaka duniani lilikuwa kumwambia Simeoni.

"Nikuulize," alisema. "Siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

"Karibu na kamba. Upande wa lango."

"Najua. Nilikutafuta kabla sijakimbia, nikakuona. Sasa niambie, niliruka vipi?"

"Vizuri. Kila mtu alisema vizuri."

"Siulizi kila mtu."

Simeoni akalitazama vumbi la goti lake. "Nilikuwa namwangalia baba."

"Baba aligeuza kiti nilipokwisha kutua. Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo pia. Nilitaka nimwone kama anafurahi." Akainua macho, na yalikuwa macho ya mtu mkweli, hilo hatutamnyima. "Rahabu, usinikasirikie. Yule ni baba yangu."

"Sijakukasirikia." Na kweli hakukasirika. Alihisi baridi tu, ile ya asubuhi ya Kilimatinde upepo unapopanda kutoka bondeni. Akasimama. "Njoo."

"Wapi?"

"Uwanjani. Nitaruka mara moja. Uone kile unachoniambia nikiache. Ukishakiona, ukiniambia 'Rahabu, acha', nitaacha. Naapa kwa Mungu. Nitakwenda kwa Misi leo leo, nitashona vitambaa vya meza mpaka nife, na sitakulaumu hata siku moja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Lakini uone kwanza."

Simeoni alicheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi mbona rahisi! Twende."

Mama Hana aliwaona wakielekea nyuma ya bwalo akafungua kinywa, kisha akamwona Rahabu uso wake, akakifunga. Aliyekuwa msichana zamani hasahau yote.

Uwanjani hapakuwa na mtu. Kasha lilisimama katikati, na mbele yake godoro la kutulia, lililojazwa nyasi. Upande wa pili wa ua wa miti ilipita njia ya kwenda misheni, nyeupe kwa jua la alasiri. Rahabu akafungua kanga yake akampa Simeoni aishike. Chini alikuwa na ile bukta ya bluu. Aliona jinsi Simeoni alivyomeza mate na kuangalia pembeni haraka, akataka kumwambia usione aibu, ni miguu tu, ndiyo hiyohiyo inayonileta benchini kila Jumamosi.

"Simama pale. Hapo hapo. Usiangalie mikono yangu wala miguu. Niangalie mimi."

"Haya. Lakini fanya upesi."

Akarudi nyuma mpaka mwisho wa uwanja. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, tumboni, si kifuani. Akamtazama kwa mbali, yule kijana mrefu amekumbatia kanga kifuani, na kwa kweli alimwomba Mungu. Hakuomba aruke vizuri. Aliomba aonekane.

Akakimbia. Ardhi ikaanza kumsukuma kutoka chini, mikono ikalipata kasha, miguu ikaenda juu, juu, dunia ikageuka, ukimya ukamjaa masikioni. Halafu godoro. Wima. Hakuyumba hata kidogo. Hajapata kuruka namna ile, wala siku ya michezo, wala mbele ya Misi. Aliinua uso, tabasamu limemjaa kabla hajajizuia, akamtafuta.

Simeoni alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameikunjua ile kanga na kuishika wazi kwa mikono miwili, juu, kama pazia, kati ya uwanja na njia ya misheni, naye anachungulia juu yake kule njiani, kushoto na kulia, shingo imekaza.

Aliposikia kimya akageuka, akamwona amesimama, akashusha pumzi. Uso wake ulikuwa mwema, wenye upendo mwingi.

"Usijali," alisema. "Hakuna aliyekuona."

Rahabu alishuka godoroni. Alisogea, akachukua kanga mikononi mwake, akajifunga kiunoni, akalikaza fundo. Alitambua kwamba angempenda mtu huyu kwa miaka mingi ijayo, na ya kwamba haitasaidia kitu.

"Basi tumemaliza?" aliuliza Simeoni. "Nimetimiza langu. Sasa nakuambia, Rahabu wangu, acha."

"Ulikubali uone kwanza."

"Nimekulinda! Kuna watu wawili walikuwa wanapita kule chini, wangekuona kama si mimi."

"Najua umenilinda. Asante." Sauti yake ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Simeoni, nenda nyumbani. Mpe mama salamu zangu. Baba mwambie shikamoo, mwambie nimeusikia wema wake na nitaukumbuka. Kisha umwambie macho yake si mabovu. Aliyeruka ni mimi."

"Rahabu."

"Ni mimi. Wiki ijayo nitaruka tena."

"Unajua nikimwambia hivyo ndiyo basi? Unajua hakuna kurudi tena?"

"Najua."

"Kwa ajili ya kasha la mbao?" Simeoni alilia sasa, waziwazi, bila kujifuta, na hakuna kitu kilichomuuma Rahabu kama kuyaona machozi yale na kujua mkono wake hauna ruhusa ya kuyafuta. "Unaniacha mimi, unabaki na nani hapa? Niambie. Na nani?"

Angekuwa na jina la kumtajia angelitaja. Hakukuwa na mtu.

"Kengele italia sasa hivi," alisema. "Njia itakuwa na giza usipotoka mapema."

Alikwenda naye mpaka kwenye baiskeli. Simeoni hakuipanda. Aliikokota kwa usukani, polepole mno, akapita lango, akaanza kuteremka mlima akitembea, na kila baada ya kitambo akisimama kama mtu aliyeona tairi halina upepo. Rahabu alielewa. Alikuwa anangoja aitwe. Jina lile lilimjaa kinywani, lote, akalishikilia kwa meno, huku mikono yake imeng'ang'ania nguzo ya lango. Nyuma yake barazani wenzake walikuwa wameacha kucheka, lakini hakuna hata mmoja aliyeshuka kuja alipo.

Simeoni alisimama mara ya mwisho kwenye kona. Kisha akaipanda baiskeli.